Maji Ndani ya Gobore

Nyumbani,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Ni mimi niliyetia maji kwenye gobore la Baba. Sijamwambia Mama, wala Dada, wala mtu yeyote. Sasa pokea shikamoo yangu, na unisamehe kwa kutanguliza habari mbele ya salamu. Goti lako linaendeleaje? Sisi ni wazima, ila mimi nina hasira ambayo hata kufua mashuka yote ya nyumba hakujaitoa.

Unamjua ndugu yako. Akirudi porini bila kupiga kitu, halitoi risasi gobore lake. Kuitoa ni kulifyatua, na kulifyatua ni kupoteza baruti, ndivyo asemavyo. Analitundika limeshindiliwa, nyuma ya mlango wa sebule, juu ya viatu vyetu, hata mwezi mzima. Anaondoa fataki tu, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. "Bila fataki," husema, "hii ni fimbo ya kutembelea."

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nadeki sebule. Nikamkuta mtoto wa Dada, ambaye hata miaka minne hajafikisha, amepanda kigoda na kidole chake kiko kwenye kifyatulio. Nilimnyakua. Kisha nikatazama: fataki ilikuwa mahali pake. Baba alikuwa ameisahau.

Nilimpelekea ikiwa kiganjani. Ilinichukua nusu saa kupata maneno, nawe unajua nilivyo, si bure unaniita Kimya. Alikuwa anakunywa chai na fundi baiskeli, mwenzake wa kuwinda. Akaitia mfukoni, akacheka.

"Umemaliza shule juzi, leo unanifundisha bunduki?"

Fundi akadakia, "Mwache, mzee mwenzangu, anatafuta cheti cha pili."

Gobore likabaki ukutani, limejaa. Walipotoka, nilichukua birika.

Jumamosi iliyofuata nguruwe pori alimjia Baba mbio. Gobore likalia ta, likanyamaza. Baba, na umri wake ule, alikwea mti wa miiba. Akarudi suruali imechanika, na paja limechanika zaidi. Nilimfunga bandeji mimi. Ningeweza kumuua baba yangu kwa maji ya birika. Na bado nilikuwa na hasira naye, Shangazi, pale pale nikimfunga.

Alipozibua mtutu kilitoka kitu kama uji mweusi. Akasema fundi baiskeli amemuuzia baruti yenye unyevu. Tangu hapo hawasemezani, watu waliowinda pamoja miaka ishirini. Fundi alinicheka, sawa, lakini unyevu ule si kosa lake.

Na unajua Baba alichofanya juzi? Amelishindilia upya kwa baruti ya mtu mwingine, akalitundika palepale. Ijumaa Dada anamleta mtoto.

Tafadhali mpigie Baba simu kabla ya Ijumaa. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Kwako hana jeuri. Mwambie gobore lisivuke mlango likiwa na kitu tumboni. Siku nitakayoliona tupu, nitakwenda mwenyewe kwa Baba na kwa fundi, niseme yote, hata sauti ikinikwama.

Wasalimie binamu zangu mapacha na jirani yako mshonaji. Mungu akuponye goti, na ulimi wako auache ulivyo, mkali.

Hadi siku hiyo, siri hii ifunge kibindoni. Baba akijua leo, hasira yake yote itanikuta mimi, na gobore litasahauliwa ukutani.

Kimya wako akupendaye.