Mbwa Anayeitwa Nsanje

Kambi ya Dzaleka, Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2000

Kwako Yaya wangu Gabriella, mkubwa wangu,

Ninakusalimu katika jina la Bwana, wewe na batoto wote huko Lugufu. Magoti yako yanaendeleaje? Mvua imeanza kwenu? Huku jua linachoma, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria ya nsima, ule ugali wa huku. Lakini uzima tunao, cherehani inatembea, na korali ya bamama inaimba. Nadège anakusalimu sana.

Ni juu ya Nadège njo nakuandikia. Unajua sisi tulitoka Uvira na kitenge kimoja, mi nalalia nusu, yeye nusu. Tangu tumzike mume wangu Télesphore kule Fizi, mtu wa kuniuliza kama nimekula ni yeye tu. Sasa mwaka huu akafika mama mmoja wa Rwanda, jina lake Gaju, mdogo kuliko sisi, mpole, meno meupe. Anamsuka Nadège nywele. Anamchekesha. Siku moja nilimwambia Nadège kwamba kwa umri wetu nywele za namna ile hazifai. Akanijibu, “We Béatrice, tangu lini umekuwa mama mkwe wangu?” Wakacheka wote wawili. Mi nikarudi kwa cherehani yangu, nikashona mkono wa shati mahali pa kola.

Basi muuguzi alimwambia Nadège damu yake inapanda, inafaa atembee. Njo tukaanza kufanya promenade ya mtoni kila Jumamosi, sisi watatu na mbwa zetu. Bamama wa kijiji wanatuona tunapita bila ndoo wala kuni, wanatuuliza, “Mwataya chiyani, amayi?” yaani tumepoteza nini. Nadège anawajibu kwamba amepoteza kiuno.

Mbwa wangu nilimwita Mungu-Anaona, kwa sababu ya jirani aliyekuwa anachuma lengalenga zangu. Tangu nimpe jina lile, mboga zinabaki shambani. Unakumbuka kwetu, jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani. Naye Gaju akaja na mbwa wake mweupe, akasema anaitwa Nsanje. Yaya, kwa Kichewa nsanje ni wivu! Nadège Kichewa chake kinaishia kwa zikomo, asante, lakini mi nauza nguo Chinsapo, nasikia. Nikasema moyoni, huyu Gaju ameuliza bantu neno hilo, na amenilenga mimi. Kila Jumamosi anarusha kijiti na kuita, “Nsanje! Kuja hapa, mupenzi!” na mi natembea nyuma.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tisa, maji yalikuwa machache, wakataka kuvuka juu ya mawe waone ng'ambo. Waliniambia nibaki nishike mbwa. Gaju akamshika Nadège mkono, mkono uleule niliouvuta mimi tangu Uvira. Waliporudi, Nsanje hayuko. Niliwaambia amekata kamba, amefuata sungura.

Tulimtafuta kando ya mto mpaka jioni. Wao wanaita Nsanje, na mi naita Nsanje, kwa kinywa changu mwenyewe. Bamama wa kijiji wakavunjika mbavu. Mmoja akauliza kama wivu wetu umetukimbia, mbona tunaukimbiza, si tuushukuru Mungu? Gaju hakuelewa. Alipoelezwa, akashika mdomo. Akasema yeye alidhani Nsanje ni mji tu, huko chini kusini. Dereva wa Chilinde aliyempa mbwa ni mzaliwa wa huko, njo akampa mbwa jina la kwao. Halafu akaanza kulia, na Nadège akaniambia, “Béatrice, tuombee.” Nikaomba. Niliomba kwa sauti kubwa.

Jumatano ya wiki hii nikapanda matola, gari la mizigo, mpaka Lilongwe. Chinsapo nilimkuta Nsanje amefungwa kwa baiskeli ya muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Nikampa yule mtu mashati mawili mapya ndiyo akakubali kumwachia. Nilivyofika hapa na mbwa, Gaju alinipigia magoti. Nadège alinikumbatia, akasema hakuna moyo kama wangu Dzaleka yote. Mzee wa kanisa amesikia, na kesho anataka nisimame nitoe ushuhuda juu ya kondoo aliyepotea.

Yaya, hapa soma polepole. Mbwa hakupotea. Wao wakiwa ng'ambo, yule muuza makala alipita akielekea Chinsapo. Mi njo nilifungua kamba. Nilimwambia mbwa huyu hana mwenyewe, amchukue. Mungu-Anaona alikuwa amekaa pale, ananitazama tu. Na ile sala niliyoomba, machozi yalikuwa ya kweli, maneno yalikuwa ya uongo.

Nikisema kesho, nitampoteza Nadège, na sina mwingine. Nikinyamaza, ninaye, lakini huyo anayempenda si mimi wa kweli. Na usidhani wivu umeisha. Sasa hivi nawasikia nje wanamwosha mbwa, wanacheka, na inaniuma kama mwanzo.

Nilijaribu kuapa mbele za Mungu kwamba nitasema, lakini najijua: Mungu nimeshamdanganya mbele ya bantu na mdomo haukupinda. Wewe sijawahi kukudanganya tangu utotoni, ulikuwa unanifinya sikio. Kwa hiyo barua hii nampa kaka Hubert, anaondoka leo saa kumi kuja Kigoma. Kesho nikisimama kanisani, itakuwa iko njiani na siwezi tena kuirudisha.

Busu batoto, mmoja mmoja kwa jina. Magoti uyapake mafuta ya mawese ya moto. Bwana akutunze mpaka tutakapokaa tena kwa jiko moja. Na mwezi ujao mwandikie Nadège, umuulize nilisema nini.

Mimi mdogo wako,
Béatrice