Kufuli la Zamani la Vigwaza

Jumatatu, 16 Juni

Mafaili ya kituo cha Miono yamekwisha. Kutwa nzima kubadilisha makufuli ya siri, yale ya kompyuta yanayofumba majibu ya wagonjwa, nayo inakwenda mwendo wa kobe. Macho yanawaka. Daktari mkuu wa hospitali yetu kauliza tena nahangaikia nini, wakati hakuna aliyewahi kuyafungua. Nimemjibu tena: leo hakuna. Wezi wanayanasa majibu njiani, yanapokuja huku Bagamoyo, wanayaweka. Siku zile kompyuta mpya za kwantamu, zinazokokotoa kupita hizi zetu, zikipata nguvu, makufuli ya zamani yatafunguka kama mlango wa makuti. Kacheka. Nimechoka kuchekwa.

Jumatano, 18 Juni

Sijamwambia daktari kinachoninyima raha. Mwanahawa, binti wa dada yangu Tatu, kazaliwa na virusi vya Ukimwi. Ana miaka saba. Dawa anakunywa, anadhani za kifua. Vipimo vyake vyote hufanywa katika kituo chetu cha Vigwaza. Huku kwetu posa ikija, watu huchunguza mpaka mababu. Siri hii inatakiwa idumu kuliko kufuli lake.

Ijumaa, 20 Juni

Nina hasira. Vigwaza niliweka kufuli jipya tangu Ramadhani. Leo nagundua majibu bado yanatoka na la zamani. Kompyuta ya Mzee Kondo, mkuu wa maabara, ni kongwe, haielewi jipya. Vijana wake wakairudisha maabara nzima kwenye la zamani, mzee asisumbuke. Wote walijua. Wameona haya kumwambia chombo chake kimepitwa na wakati. Heshima gani hii?

Jumamosi, 21 Juni

Vijana nimewasema vya kutosha. Sasa zamu yangu kumwambia mzee. Ndiye aliyenisomesha juzuu za Kurani utotoni. Nimeandika ujumbe, nimefuta. Kumbe haya ninayo na mimi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda Vigwaza. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za wagonjwa, za mvua. Mwisho nikasema. Mzee kavua miwani.

"Mwanangu, mmenisitiri mimi, mkawaanika wagonjwa?"

Kompyuta kaichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka alasiri kufuli jipya lilikuwa limeshika kila mahali. Furaha sikuiona. Majibu ya Mwanahawa yalikwishatoka na lile la zamani, na maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne, 24 Juni

Nimemweleza Tatu. Nilidhani atalia. Kaendelea kuchambua mchele.

"Watafungua lini?"

Sijui. Pengine miaka kumi, pengine zaidi, pengine hawana habari naye. Kapepeta, kaweka ungo chini.

"Basi tutamwambia wenyewe, kabla yao."

Tumekubaliana Alhamisi jioni. Mwanahawa kaja na kitana, anataka nimsuke. Kauliza tulikuwa tunasema nini. Nimemwambia atulize kichwa.