Kitakachoingia Kwanza Nyumbani Kwako

Okazaki, mwezi wa kumi

Kwako dada yangu Chizuru,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe pamoja na shemeji Kohei. Goti lake linaendeleaje? Na wewe unapata hata nafasi ya kulala katikati ya maboksi hayo? Mimi huku ni mzima, ila mafua ya majira haya yameshanishika kama kawaida yangu. Lile gari la viazi vitamu vya kuchoma limeanza kupita mtaani, na jana nilimkimbilia yule mzee na kandambili miguuni, pua inachuruzika, mpaka akanicheka.

Mchele mpya mlionitumia umefika salama. Asanteni sana. Niliupika siku hiyohiyo, ukanukia nyumba nzima, nikala bakuli moja tu nikashindwa kuendelea. Sababu utaiona mbele katika barua hii, kama nitapata ujasiri wa kuiandika.

Ndani ya gunia nilikuta kile kikaratasi chako. Umeniomba nikuchagulie mimea ya kuweka ndani ya nyumba mpya, isiyo na makuu, na chini ukaandika, "Iwe ile ambayo hata mimi siwezi kuiua." Ukachora na uso unaocheka. Nilikisoma nimesimama jikoni. Haya basi, nianze na hilo, maana kuhusu mimea angalau naweza kukujibu bila kigugumizi.

Sebuleni, penye dirisha la kusini, weka ule wenye majani marefu yaliyosimama wima, tunaouita mkia wa chui milia. Huo hauna shida na mtu. Kiangazi mwagilia udongo ukishakauka kabisa, na baridi ikiingia uache, usiuonee huruma. Ukiupa maji wakati wa baridi mizizi inaoza, na wewe utadhani una kiu, utaongeza mengine. Kwenye ile korido yenu ya giza weka haran, ule ambao wauza sushi hutandika majani yake chini ya samaki. Hautaki jua, unachotaka ni kufutwa vumbi kwa kitambaa kibichi mara mojamoja. Jikoni tundika ule mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo. Ukiona majani yamelegea, unaomba maji. Ukishaupa, kesho yake unakuta umesimama. Hakikisha tu hakuna mmea unaopulizwa moja kwa moja na kiyoyozi, na sahani ya chini ya chungu usiiache na maji. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, weka birika chini ukafanye mambo mengine.

Wenzake shemeji kazini watawaletea okidi kubwa yenye utepe, hilo halikwepeki. Pokeeni, mshukuru, mwiname vizuri, kisha nipeni mimi. Hiyo itakuliza.

Wengi wanaoua mimea ya ndani huiua kwa maji, Dada. Wengine kwa kuihamishahamisha kila wiki. Sijawahi kusikia mmea uliokufa kwa sababu mtu aliye mji mwingine alitoa ushauri kwenye simu. Lakini ngoja, hapo nitapafikia.

Juzi Mama mdogo Tomoe alinipigia. Hakusalimia hata. Alisema, "Dada yako kachanganyikiwa. Ati friji ndiyo itaingia kwanza. Friji, Mitsue. Kana kwamba anafungua duka la samaki." Nikamuuliza kwani omoto hajanunua, ule mmea wa heri wa kutangulia kuingia nyumba mpya kama Mama alivyotufundisha, siku hizi wanauza hata dukani, umefungwa na karatasi nyekundu tayari kwa wanaohama. Akasema amekwambia hivyohivyo, na wewe ukamjibu kwamba omoto si kitu cha kununua wakati wa Mama ulikuwepo ukauua mwenyewe, kwa hiyo nyumba yako itaingiwa bila kitu, ndivyo unavyostahili. Mama mdogo alikuwa analia. Yeye, Dada. Unamjua alivyo, hata msibani tulikuwa tunamtazama yeye ili tujikaze.

Nilipokata simu nilikumbuka tulivyohamia ile nyumba ya karibu na mto. Baba alitaka kupita na jiko la wali, lilikuwa zito na mvua inanyesha, Mama akamzuia mlangoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili kakumbatia chungu cha omoto. Alisema hakuna kijiko kitakachovuka hapa kabla ya huyu. Baba akalowa. Mama akauweka pale tunapovulia viatu, akaupangusa majani, ndipo akasema sasa leteni takataka zenu. Bibi alifanya vilevile, na mama yake Bibi pia. Omoto ule ule, unakatwa chipukizi, anapewa anayeolewa, unasonga mbele. Wewe ulipoolewa omoto haukuwa na chipukizi, Mama akasema utapewa likiota. Halafu akaugua.

Na hapa nikwambie jambo ambalo siku zote nimelifunika kwa tabasamu. Mama alipokuwa anaumwa nilikuonea kijicho. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, nampondea chakula, nabishana naye kuhusu dawa, halafu wewe unakuja sikukuu ya mwaka mpya na keki kwenye boksi zuri, umejipaka rangi ya mdomo, na Mama anakaa vizuri kitandani, anacheka, anasema Chizuru kaja. Mimi hakuwahi kusema Mitsue kaja, kwa sababu sikuwa naondoka. Najua hukufanya kosa lolote. Uliishi mbali, ulikuwa na kazi, na kila mwezi ulitaka kuja nikakwambia usijisumbue. Nilikwambia usijisumbue, kisha nikakukasirikia kwa kutojisumbua. Ndivyo nilivyo.

Mama alipofariki na nyumba ikauzwa, nilihamia hiki kifleti changu, nikaingia na omoto mbele, peke yangu. Niliuweka pale pa viatu, na mtu angeniuliza siku hiyo nina nini duniani, ningeonyesha chungu kile.

Masika yaliyofuata ulinipigia kwa furaha. Uliuliza kama chipukizi limeota, nikasema ndiyo, dogo. Ukanieleza niung'oe kwenye chungu, nioshe mizizi, nikate palipooza, nitenganishe mwana na mama, nikutumie wewe mwana. Ulikuwa umesoma, ulikuwa umeuliza watu, ulinisomea maelezo taratibu kama mwalimu. Nami baada ya wiki chache nikakwambia mmea wote umeoza baada ya kuoshwa.

Tangu siku hiyo nimekuona ukipungua, Dada. Mama mdogo alipotaka kukupa kitana cha Mama, ulikirudisha, ukasema wewe si mtu wa kuachiwa kitu. Na mwezi wa saba, kwenye kumbukumbu ya Mama, mtawa alipomaliza kusoma na sisi tumekaa kula, ulipiga magoti mbele ya ukoo mzima, ukaweka paji la uso kwenye mkeka ukasema, "Mama aliutunza miaka yote ile, mimi nikauua kwa simu. Nisameheni." Mjomba mmoja akaguna. Mama mdogo akakupasha kwamba siku nyingine uache ujuaji. Mimi nilikuwa na birika la chai mkononi. Nilizunguka nikimimina, kikombe baada ya kikombe, na chako nikakimimina pia, ukaniambia asante.

Dada, omoto haukufa.

Haujawahi hata kuumwa. Uko hapa mlangoni, ninapoandika nauona, majani manene, yanang'aa. Niliung'oa kama ulivyosema, nikaosha mizizi kama ulivyosema, na maelekezo yako yalikuwa sahihi kabisa. Ulipenda kuoshwa, umenenepa tangu wakati huo. Kisha nikashika kisu. Chipukizi lilikuwa limejishika ubavuni, nikaweka makali hapo, roho ikanigeuka. Nikajisemea: ana mume, atajenga nyumba, alikuwa na kicheko cha Mama, na huu nao anautaka. Nikaweka kisu chini. Nikaurudisha kwenye chungu mzima mzima.

Ulipouliza umefikia wapi, nilitaka tu suala lifungwe. Nikasema umeoza. Nilidhani utagomba, utasema mimi mzembe, nami ningepata sababu ya kukukasirikia vizuri. Hukugomba. Kisha ukasema, "Ni mimi niliyekwambia uuoshe, siyo?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Lile la kwanza lilinitoka kwa hasira, ningeweza kulirudisha kesho yake. Hili la pili nililisema kwa utulivu, kwa sababu lilinifaa. Nimelikumbuka kila ulipojiita muuaji kwa utani na watu wakacheka. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hakuna linalonitia aibu kama hilo.

Na kulifunika nimefanya vituko. Ulipokuja kunitazama baada ya kumbukumbu, niliuficha bafuni, ndani ya beseni la kuogea, nikaufunika na taulo. Ukasema unataka kunioshea lile beseni, ati nimechoka, wewe utalisugua na kunijazia maji ya moto. Nilikurukia mlangoni kama mwizi, nikasema bomba limeharibika. Ukanitolea namba ya simu ya fundi wenu. Ulipoondoka nilienda nikautoa kwenye taulo, jani moja limevunjika, nikalia kwa sauti. Sikulilia jani, usije ukadhani hivyo. Nililia kwa sababu ulitaka kunioshea beseni.

Sina utetezi. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa kukukosa, maana baada ya Mama nimebaki na wewe tu. Nikawa nakukosa kidogokidogo kwa mikono yangu, nakutazama unavyojidharau, nami ndiye mwenye dawa nimeikalia.

Leo asubuhi nilimpigia Mama mdogo Tomoe nikamweleza yote. Akasema, "Umemwacha dada yako ainame mbele yetu." Akakata simu. Nitawapigia na wengine wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, wasikie kutoka kwangu. Mjomba aliyeguna nitaanza naye. Hilo si ombi kwako wala si bei ya msamaha, ni kazi yangu, hata ukiniambia niache sitaacha.

Sasa kuhusu siku ya kuhama. Nimeangalia kalenda, mmechagua siku ya heri, nayo ni Jumapili. Nitapanda treni ya kwanza, nitafika kabla ya lori. Omoto nakuletea mzima, pamoja na chipukizi, ambalo sasa limekuwa mmea wa kutosha kusimama lenyewe. Sitaukata. Kisu hicho si cha mkono wangu tena. Ukitaka kuutenganisha siku moja, utenganishe mwenyewe masika yakija, osha mizizi kama ulivyonifundisha, na hicho unachokikata umpe unayetaka. Usidhani lazima uwe mimi.

Kuutunza si kazi. Uweke pale pa viatu, pasipo na jua kali. Maji udongo wa juu ukikauka, baridi uyapunguze, na usimruhusu mtu yeyote akwambie mkono wako unaua.

Nisalimie sana shemeji Kohei. Mwambie ukweli au umfiche, uamuzi ni wako, ila akiniuliza mimi nitamwambia. Mchele wenu nitaumalizia, sitautupa, hata kama ni bakuli moja kwa siku.

Jumapili sitapiga kengele. Nitasimama nje ya lango, chungu mikononi. Hutalazimika kuniambia neno. Kipokee, uvue viatu, uingie nacho wewe mwenyewe, mbele ya kila kitu, halafu ukitaka ufunge mlango. Nikishauona mgongo wako umeingia, nitajua kimefika kwa mwenyewe, nami nitarudi stesheni.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Mitsue