Ili Injini Isigande

Mchafukoge, Ijumaa

Mume wangu mpenzi Abubakary,

Natumai huko Maskati u mzima. Sisi hatujambo, binti yetu Husna ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka huku ameziba mdomo.

Gari lako nalitunza kama ulivyoniagiza ulipoondoka, miaka mitatu sasa. Kila Ijumaa nafungua plagi, natia oili kidogo kwenye silinda, kisha naizungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye boliti ya puli, ili isigande.

Leo rafiki yako Sadalla, fundi wa Kariakoo, amenikuta nimeinama.

"Shemeji, gari unalikanda kama mzazi aliyejifungua jana! Nikuletee betri, tuliwashe, twende Feri tukale samaki."

Nikamjibu kwamba wa kuliwasha ni wewe.

"Kwani kasema anarudi lini?"

Nikaendelea kuzungusha.

Abubakary, mikono yangu sasa inaijua injini hii kuliko inavyoukumbuka uso wako. Nimemwomba Sadalla alete betri siku ya Idi. Ukiwa umefika, ufunguo ni wako. Usipofika, nitaliwasha mwenyewe, na nitajifunza kuliendesha.

Mkeo, ambaye bado anakungoja,
Badria