Ndoto Niliyoota Nikiwa Nimesimama

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatutishia tu.

Kwa heshima na taadhima naomba kuutangazia umma wa Kinyerezi kwamba pazia la sebuleni kwetu limefuliwa. Jumuiya yetu ya kanisa imesali hapa leo, na mke wangu haamini kwamba Roho Mtakatifu anaweza kushuka kwenye nyumba yenye vumbi.

Furaha yangu imeishia kwenye pazia.

Somo lilikuwa lile la nabii ambaye Mungu alimjua na kumpangia kazi kabla hajatoka tumboni mwa mama yake. Wote wakanigeukia. Kwenye jumuiya yetu andiko hilo ni kama la kwangu. Nikasimama, nikasimulia tena: mke wangu akiwa na mimba ya Ester, kitinda mimba wetu, niliota mtoto wa kike kashika taa, na sauti ikasema huyu atanitumikia.

Kisha Ester naye akasimama. Kamaliza kidato cha nne, kafaulu vizuri, na hakuna feni wala pasi ya nyumba hii ambayo hajawahi kuifungua aone ndani kuna nini. Anataka kusomea umeme. Anataka hasa. Akasema ameamua kwenda chuo cha uinjilisti, maana hawezi kumkatalia Mungu aliyemchagua kabla hajazaliwa. Watu wakapiga makofi. Mama mwenyekiti wa jumuiya akalia.

Mie nikaangalia pazia.

Sasa niandike ambacho sijawahi kumwambia mtu. Hakuna ndoto. Siku mke wangu aliponiambia ana mimba, tukiwa tayari na watoto watatu, nilimuuliza, "Sasa huyu wa nini?" Nikaondoka, nikaenda kukaa baa moja Sinza na soda yangu mpaka ikaisha gesi. Usiku ule sikuota kitu, kwa sababu sikulala.

Siku ya ubatizo wa Ester wakaniomba neno. Mke wangu alikuwa ananiangalia, na lile swali langu bado lilikuwa machoni mwake. Nikaota palepale, nimesimama. Mwanzoni alikuwa mtoto na taa tu. Miaka ilivyokwenda akapata gauni jeupe. Sauti iliingia wakati wa kipaimara.

Leo wageni walipoondoka nikakaa natafuta pa kutokea. Nilifika mpaka kufikiria kusema kwamba taa ile, nikikumbuka vizuri, ilikuwa ya umeme.

Nikajionea aibu. Nikamfuata Ester uani, anaosha vikombe. Nikamwambia yote, hata lile swali.

"Kwa hiyo hukuniota."

"Sikukuota, mwanangu."

"Na Mungu je, baba? Naye aliuliza mie wa nini?"

"Hapana. Yeye alikuwa anajua. Mie ndo nilikuwa sijui kitu."

Akasuuza kikombe kingine. Hajasema kanisamehe. Alichosema ni, "Basi na wao uwaambie." Akaichukua fomu ya kile chuo cha uinjilisti juu ya friji, akaingia nayo chumbani.

Nimempigia mama mwenyekiti kuomba dakika tano Jumamosi ijayo. Nikamwambia nina ushuhuda kuhusu ile ndoto ya Ester.

Kasema hiyo wameshaisikia sana, niwaachie na wengine nafasi.