Mapacha wa Juu ya Unga

Mpendwa mwanangu Butoyi,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana, na mume wako nimemsalimu, na huyo aliyemo tumboni naye nimemsalimu. Baba yako anakusalimu, amerudi sasa hivi kutoka kiwandani Lackawanna, anavua viatu mlangoni. Bibi yako anakusalimu, magoti yanamsumbua na ngazi za nyumba hii ya Black Rock hapa Buffalo, lakini kwaya ikianza husikii habari ya magoti. Ciza mdogo wenu nilimwambia aseme neno kwa dada yake, akasema bila kuinua macho, "Tell her hi." Basi hiyo ndiyo salamu yake. Na kwa kuwa nimekusalimu wewe, nimemsalimu na Bukuru kule Louisville, maana pacha hasalimiwi peke yake.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Nikifungua tu mdomo kuhusu safari ya kuja kwako unasema, "Mama, utapotea Cleveland," halafu unaniuliza bibi anaendeleaje. Karatasi haimkatizi mtu.

Unakumbuka jiko letu la Louisville? Mimi nachekecha unga kwenye sinia, wewe umetoka shule, begi bado liko mgongoni. Ukasawazisha unga kwa kiganja ukaandika kwa kidole. Ukasema tunaanza na maneno mafupi ya Kiingereza, yote yana l mbili mwishoni, zimesimama pamoja. "Mama, hawa ni mapacha. Mimi na Bukuru."

Hapo nikasikia. Mambo ya shule kichwa changu kilikuwa kinayakataa tangu kambini ukimbizini, lakini mapacha nawajua, niliwabeba.

Pull, vuta. Hilo lilikuwa kwenye mlango wa kliniki, ule niliousukuma mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Bill, karatasi ya umeme, mgeni asiyengoja kualikwa. Ill, mgonjwa. Well, mzima. Call, ita. Hill, mlima, na hapo bibi yako akaacha kumenya vitunguu akaanza kututajia milima ya kwao mmoja mmoja. Tukimaliza namwaga unga kwenye maji ya moto, tunakula ugali pamoja na maneno yake. Bukuru alikuwa anasema tumbo lake linajua Kiingereza kuliko mimi.

Na mimi nikiandika, l ya kwanza naifanya ndefu, ya pili fupi, kwa sababu Bukuru alitangulia, wewe ukafuata. Tulipohamia Columbus, mwalimu wa darasa la watu wazima alikuwa ananisahihisha kila wiki, zilingane, zilingane. Siku ulipokuja kunichukua ulimkuta ameshika kalamu nyekundu. Mkaongea Kiingereza chenu, halafu ukanigeukia: "Nimemwambia akuache, mama. Hao wana majina." Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Tangu siku ile akiniona ananiuliza kama mapacha hawajambo.

Ni huko huko Columbus neno moja lilinibeba. Kichwa kilinizunguka kazini, pale ghalani katikati ya maboksi, mkubwa wa zamu akaniuliza mengi, sikuelewa hata moja. Nikasema ill. Akaniletea kiti na maji. Nilipokusimulia jioni, ulinipigia makofi peke yako kama kanisa zima.

Sasa wewe umeolewa umebaki Columbus, Bukuru amerudi Louisville kwa kazi ya kutunza wazee, sisi tumefuata nyumba za bei nafuu huku Buffalo. Huku ni tambarare, hill huioni. Unga nachekecha peke yangu, Ciza anataka pizza. Siku nyingine naandika kwa kidole, halafu nafuta haraka bibi yako asije akasema nachezea chakula.

Mwanangu, mtoto anakuja majani yakianza kuanguka. Kwetu binti hazai mtoto wa kwanza bila mama wa kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo. Nani atakukanda? Mume wako ni mtu mwema, lakini mikono yake imezoea maboksi. Sikatai kwamba naogopa. Naogopa kile kituo cha kubadilisha basi Cleveland, naogopa ile sauti ya kwenye spika inayokimbia. Lakini naogopa zaidi wewe uite mama, nami niwe huku nachekecha unga. Nikipotea nitasimama palepale, nitatafuta mtu mwenye sare, nitamwonyesha namba yako na kumwambia call. Nimeshavuka mlango wa kliniki, nitavuka na Cleveland.

Nimekwisha fungasha. Vitenge viwili, chupa mbili za mawese, kofia mbili za sufu. Ciza kaniuliza kwa nini mbili wakati daktari ameona mtoto mmoja. Nimemwambia nyingine ni ya Bukuru, aiweke mpaka siku yake. Mama wa mapacha hafungashi kimoja.

Basi nijibu upesi, wiki hii, roho yangu haitulii. Usiniandikie mengi. Neno moja linatosha, call, nami nitajua umeniita, nitapanda basi. Ila usilichape kwenye simu, huko herufi zote zinalingana. Liandike kwenye karatasi kwa mkono, ulipige picha, l ya kwanza ndefu, ya pili fupi, nijue ni wewe.

Ni mimi mama yako,
mama wa wawili