Nyumba Yako ya Kapata

Musonoi, tarehe 9 Septemba 1993

Kwa Mama Simone Tshilombo,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, mulifika salama Mwene-Ditu, wewe na mume wako Tata Nkongolo na watoto? Hapa wanasema treni yenu ilikaa majuma mawili njiani, na watu wakazikwa kando ya reli. Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka.

Nimefaulu mtihani wa serikali. Mama yangu, aliyekuwa akimdanganya baba kwamba kwako ninajifunza kushona, kumbe unanifundisha hesabu, alinisindikiza mwenyewe kuufanya, baba akiwa safarini Kasongo. Aliporudi, baba alisema mtoto mwanamke wa Kiislamu akishahitimu Kurani amemaliza masomo. Niliihitimu nikiwa na miaka kumi, na sikuona humo mahali panaponikataza hesabu.

Lakini kuna baya zaidi. Baba amehamia nyumba yako ya Kapata. Anakula katika sahani zako na kusema ni riziki. Juma lililopita alimpokea humo Asumani, mfanyabiashara wa rika lake, aliyekuja kuniposa. Niliingia bila kuitwa, nikasema, “Baba, mi sitaolewa mu nyumba ya wizi.”

Mama, wewe unadhani jirani ndiye aliyewaleta kwako wale vijana wanaowafukuza ninyi Wakasai, kabla ya kwa wengine wote. Ni mimi. Mwezi wa tatu baba alikuta madaftari yangu chini ya godoro, akashika fimbo. Kwa woga nilisema unaniita kwa nguvu, unataka nibatizwe. Ulikuwa uongo mtupu. Baba aliupeleka kwa wale vijana, na siku ya tatu wakavunja mlango wako. Mulipokuwa mukilala nje pale stesheni nilikuletea bukari ya unga wa mahindi na mboga, ukanibariki, nami nikanyamaza.

Mbele ya Asumani nilimwambia baba kwamba nilisema uongo. Hata sauti hakupandisha. “Nilijua,” akasema. “Lakini ile nyumba ilikuwa muzuri.”

Ndipo akanifukuza. Ninakaa kwa rafiki yako Mama Agnès, ninafundisha watoto wake kusoma. Simsamehe baba, wala mimi mwenyewe sijisamehe, na wewe sikuombi unisamehe. Ukitaka kuniandikia matusi, yaandike, nitayasoma yote.

Unisalimie Tata Nkongolo, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake.

Mwanafunzi wako,
Mwavita binti Shabani